Kaveke wa Benchi la Mbele

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu nisipolisema mimi, wapo watu Kitengela watakaolisema kwa furaha. Mwaka 1994, nikiwa mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu, nilimwendea Kaveke baada ya Misa nikamwambia ahame benchi la mbele, akakae nyuma karibu na mlango pamoja na wenzake.

Wenzake walikuwa wale ambao hawajabariki ndoa. Hakuna padri aliyewahi kutangaza kwamba wakae nyuma, lakini kila mtu alijua. Mwanamke aliyeishi na mume bila kufunga ndoa kanisani hakupokea Komunyo, hakushona sare ya kina mama, na kwa aibu alijisogeza mwenyewe hadi mwisho wa kanisa, mahali watoto wanapolia na vumbi la barabara ya Namanga linapoingilia. Ukifika wakati wa Komunyo, watu wa mbele walisimama na kupanga foleni. Wale wa nyuma walijifanya wanatafuta kitu kwenye mkoba, au walitoka nje kidogo mpaka jambo lipite.

Kaveke hakutafuta kitu kwenye mkoba. Alikaa benchi la kwanza, upande wa kulia, miguu pamoja, mikono magotini. Sote tulipoinuka yeye alibaki pale peke yake, na kanisa zima likamwona. Tulimpita kwenda, tukampita kurudi. Hakuinamisha kichwa, na hilo ndilo lililotuudhi.

"Mama Kyule," nilimwambia siku hiyo, kwa ile sauti ya upole ambayo wenyeviti wanaijua, "si ingekuwa vizuri ukae nyuma kidogo? Watu wanaongea."

"Wanasema nini?"

"Kwamba unakaa mbele na hupokei."

"Si ni ukweli?" Alikuwa amebeba kitunguu kimoja mkononi, sijui kwa nini, aliuza vitunguu na nyanya za Kimana kando ya barabara na vitu hivyo vilikuwa vikimfuata kila mahali. "Mama Ann, mimi siko na sare, siko na cheti, siko na pete. Masikio niko nayo. Huku mbele nasikia vizuri."

"Lakini ni aibu."

"Aibu ya nani? Wewe unakula, mimi naangalia. Kama kuna mtu wa kuona haya hapo, sioni ni kwa nini awe ni mimi."

Akaenda zake. Nilibaki nimesimama kama mtu aliyenyang'anywa kikapu sokoni. Nilikasirika wiki nzima. Mimi nilikuwa nimefunga ndoa Kiambu mwaka 1988, keki ya ngazi sita, wasichana wa maua wanane, na mapadri watatu altareni. Mume wangu Kiragu alikuwa ameshahamia Laiser Hill kwa mwanamke mwingine, lakini cheti changu kilikuwa ukutani na nilipokea Komunyo kila Jumapili. Kwa hivyo nilijiona mtu wa kumfundisha Kaveke mambo ya uaminifu. Ninacheka nikikumbuka, ingawa si kicheko kizuri.

Alihamia Kitengela na mumewe mwaka 1992, wakati mji ulikuwa maduka machache na upepo, na punda milia bado walipita nyuma ya nyumba asubuhi. Mumewe, Maundu, alichimba visima. Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, mkarimu kwa kila mtu, na kanisani hakukanyaga. Siku za harusi za wengine alikaa nje. Siku za mazishi alisimama mbali na kaburi, akachimba likihitajika kuchimbwa, akaondoka kabla ya padri kufungua kitabu.

Sababu yake niliijua kutoka kwa Kaveke mwenyewe, Novemba ya mwaka ule ule niliojaribu kumfukuza benchini. Sisi Wakatoliki mwezi huo tunaandika majina ya marehemu wetu kwenye karatasi, yanawekwa kwenye kapu mbele ya altare, na yanasomwa kwenye Misa. Msomaji nilikuwa mimi. Nikapitia karatasi zote kabla, nisije nikakwama kwenye majina, nikakuta moja ya penseli: *Ndinda wa Mbooni.* Hakuna jina la ubatizo, hakuna ukoo. Nikamuuliza Kaveke, maana mwandiko niliujua kutoka kwenye magunia yake ya vitunguu.

"Ni mama ya mzee wangu," alisema.

Akanieleza. Ndinda alikuwa mke wa pili. Alisali kwenye kanisa la kwao maisha yake yote bila kupokea chochote, na alimbatizisha kijana wake, akahakikisha amepata na Komunyo ya kwanza. Alipokufa, Maundu akiwa na miaka kumi na mitano, alienda mwenyewe kumwita katekista aje aombe kaburini. Katekista akasema mke wa pili hazikwi na Kanisa. Siku ya maziko alipita barabarani na baiskeli, watu wakiwa wamezunguka shimo, na hakusimama hata kuvua kofia. Maundu alirudisha udongo na jembe lake, bila sala hata moja, akaapa kwamba hataenda mbele ya padri kuomba kitu tena mpaka afe.

"Kwa hivyo hatakubali kufunga ndoa," nikasema.

"Hatakubali."

"Sasa wewe utafanyaje?"

"Nitakaa."

Nilidhani anaongea juu ya benchi tu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa anaongea juu ya yote mawili, benchi na mume.

Ushauri haukumwishia. Jirani yake mmoja wa kanisa jingine alimwambia aje kwao, ambako meza ya Bwana iko wazi na hakuna anayeuliza vyeti. Kaveke alimshukuru, akampimia nyanya, akabaki. Dada yake alimwambia amwache Maundu, kwani ni mwanaume gani anayemnyima mke wake mbingu? Kaveke alimwambia Maundu hamnyimi mbingu, anamnyima harusi, na hayo ni mambo mawili. Mimi pia, kwa siri, nilimpa ushauri wangu. Nilimwambia aende Kajiado Jumapili moja, ambako hakuna anayemjua, apange foleni kama wengine, apokee, arudi. Nani angejua?

"Mama Ann," alisema, "Yule wa Kajiado si ndiye huyu wa hapa?"

"Ndiye."

"Basi ananijua."

Sikumwambia tena.

Nilichokiona mimi, na ambacho kilinitia wasiwasi mwaka baada ya mwaka, ni kwamba hakuzoea. Mtu huzoea njaa, huzoea upepo wa Kitengela, mimi mwenyewe nilizoea kitanda kitupu. Kaveke hakuzoea. Padri alipoinua hostia, nilimwona akimeza mate. Kila Jumapili. Aliitaka Komunyo jinsi mtu anavyotaka maji, na hakuiba, na hakuacha kuitaka ili apunguze maumivu. Nilimuuliza mara moja anaomba nini pale wakati sisi tuko kwenye foleni. Nilitarajia aseme anaomba Maundu alegezwe moyo.

"Naomba hekima," alisema. "Harusi nikipewa bila akili nitaiharibu."

Mwaka 2005 mvua zilikosekana. Ng'ombe wa Wamasai walianza kukonda, na kila mwenye shamba alitaka kisima. Maundu alifanya kazi Kisaju wiki tatu mfululizo, akishuka kwenye mashimo baridi akiwa na jasho, akipanda kwenye upepo. Julai homa ya mapafu ikamshika. Alilazwa Kajiado, na siku ya nne muuguzi alimwambia Kaveke aite watu wake.

Tulienda na Padri Achola, paroko wetu, saa nne za asubuhi. Maundu alikuwa amelala macho wazi, akivuta pumzi kwa kelele. Mabega yale yalikuwa yamebaki mifupa. Alipomwona padri, hakugeuza uso kama tulivyotarajia. Alinyoosha mkono.

"Father," alisema. "Nifungishe ndoa na huyu mama. Leo. Nakubali."

Nikaanza kulia papo hapo. Miaka kumi na mitatu! Nikatafuta leso, nikaanza kuwaza nani atakuwa shahidi wa pili, kwani wa kwanza nilishajiteua. Padri Achola tayari alikuwa anafungua mkoba wake.

"Hapana," alisema Kaveke.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mama," padri alisema polepole, "mzee amekubali."

"Father, nimesikia." Alimsogelea mumewe, akamfuta jasho. "Baba Kyule, nikuulize. Kama ungekuwa na nguvu za kuamka hapo utoke na miguu yako, ungekubali?"

Maundu alimtazama mkewe. Tulisikia pumzi yake tu. Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia sikioni.

"Umeona, Father. Anaogopa. Mtu akiogopa hivi anaweza kukubali kitu chochote, hata kumwoa huyu muuguzi. Mimi nimemngoja akubali akiwa mzima. Mwombee, mpake mafuta. Ndoa tutaongea akipona."

"Na asipopona?" Nilishindwa kujizuia. Nilikuwa nimemshika mkono kwa nguvu kiasi kwamba aliniangalia.

"Asipopona, Mungu anajua tulikuwa tumefika wapi."

Padri Achola alirudisha kitabu cha ndoa mkobani. Kisha alitoa mafuta, akamwombea mgonjwa, akampaka kwenye paji la uso na mikononi.

Mimi nilirudi Kitengela nikichemka. Nikasema maneno mabaya dukani kwangu, na maneno yanayosemwa kwenye duka la fundi cherehani hayakai ndani. Siku mbili hazikupita, mji ukawa na habari yake: Kaveke amekataa ndoa kwa makusudi, anataka mzee afe, kwa sababu mume akifa mjane yuko huru, na Jumapili inayofuata angepokea Komunyo bila kuulizwa na mtu. Na hilo la mjane lilikuwa kweli kabisa kwa sheria ya Kanisa! Hapo ndipo nilipoanza kupata akili kidogo. Mbele yake zilikuwepo njia mbili nyepesi za kuipata Komunyo. Angeitikia, angeipata. Angekaa kimya mume afe, angeipata. Njia moja tu ingemwacha amekaa vile vile na njaa yake, nayo ni Maundu apone. Hiyo ndiyo aliyoishikilia kwa mikono miwili. Alihamia wodini. Alimlisha uji kwa kijiko, alimgeuza, alimsuta mpaka anywe dawa, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walisema hawajawahi kusikia mtu akitukanwa kwa upendo namna ile.

Maundu akapona. Mwisho wa Agosti alikuwa nyumbani. Na ndoa? Kimya. Septemba kimya. Oktoba kimya. Kaveke alirudi kwenye benchi lake, akameza mate yake, na watu wakamwonea huruma ile yenye raha ndani. Nafasi alikuwa nayo, akaitupa.

Siku moja ya Oktoba Maundu aliingia dukani na suruali mkononi, kwani zote sasa zilikuwa zikimporomoka. Alitaka nimpunguzie kiuno. Nikampima. Ni yeye aliyeanza.

"Mama Ann, huyu mama alinikatalia mbele ya Father. Wewe ulikuwepo. Sasa anataka nini kwangu?"

"Muulize."

"Nimemuuliza. Ameniambia nikule ugali."

Ndipo hasira yangu yote ya miaka ile ilipotoka, na kwa mara ya kwanza ilielekea mahali panapofaa. "Anataka usimwoe kwa uoga!" nilimwambia. "Na wewe unajiona ndiye mwenye kisasi na Kanisa, ndiye peke yako uliyeumia! Mama yako huwa anaombewa pale kila Novemba, na mke wako ndiye anayempeleka. Mimi ndiye ninayemsoma."

Alinigeukia. Futi yangu ya kupimia ilikuwa bado imemzunguka kiunoni. "Jina gani?"

"Ndinda wa Mbooni."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka 1994. Mara kumi na moja."

Akatoka. Suruali ilibaki mezani, na futi yangu alienda nayo.

Jumapili ya kwanza ya Novemba nilisimama kusoma majina. Kapu lilijaa, ukame ulikuwa umeua na wazee. Nikasoma, nikasoma, nikafika kwenye karatasi ya penseli. Nilipoinua macho nilimwona Maundu amesimama nje ya mlango, kwenye jua, kofia mkononi. Nikasoma, "Ndinda wa Mbooni." Kisha nikasoma tena, kwa nguvu zaidi, "Ndinda wa Mbooni." Jina halikuandikwa mara mbili. Nilitaka alisikie, na nilitaka yule katekista wa baiskeli alisikie pia, popote alipo, mzima au mfu.

Baada ya Misa alienda moja kwa moja nyumbani kwa padri. Tulimsikia tukiwa uwanjani. Alipiga kelele karibu nusu saa. Padri Achola hakupandisha sauti. Alituambia baadaye, Maundu akiwa ameruhusu, kwamba alimwambia neno moja tu la maana: "Tulikukosea. Mama yako alistahili kuombewa, na aliyempita alimpita Kristo." Kelele zikaisha hapo.

Jioni Maundu alimwambia mkewe kwamba wapeleke majina yao yatangazwe. Kaveke aliacha mwiko kwenye sufuria, akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Uko na homa?"

"Siko na homa."

"Miguu iko na nguvu?"

"Nimetembea mpaka Kisaju na kurudi nikifikiria."

"Basi sawa," alisema, akageuza ugali.

Majina yakatangazwa Jumapili tatu. Ndoa ilifungwa Januari 2006, Jumamosi, bila keki. Nilimshonea gauni la rangi ya maziwa na alikataa kilemba. Padri Achola alipofika pale anapouliza kama wamekuja kwa hiari yao, bila kulazimishwa na mtu, Maundu hakungoja amalize.

"Father, mimi huyu alinikataa nikiwa nakufa! Nani angenilazimisha?"

Kanisa likacheka mpaka watoto wakaogopa. Kaveke hakucheka. Alikuwa anaangalia altare. Wakati ulipofika, aliinuka kutoka benchi la mbele, akatembea hatua zile saba au nane ambazo hakuwahi kuzitembea tangu aje Kitengela, akafungua mdomo, akapokea. Alikaa. Akafunika uso kwa viganja na mabega yakatikisika muda mrefu. Maundu alimwekea mkono mgongoni. Nililia kama ni mimi.

Kamati yangu ilikutana wiki hiyo na tukakubaliana, kwa sauti moja, jambo la kijinga. Kaveke sasa ni mfano. Ashonewe sare haraka, apewe nafasi ya kuwafundisha wale wa nyuma uvumilivu. Nilitumwa mimi kumpelekea habari. Alinisikiliza hadi mwisho huku akifunga vitunguu.

"Niwafundishe wavumilie wakiwa huko nyuma?"

"Ndiyo. Uwatie moyo."

"Sawa," alisema. Ningemjua zaidi ningeogopa.

Jumapili, watu wakiwa wameketi na wimbo wa kuingia haujaanza, Kaveke alitembea hadi mlangoni. Mwongeli alikuwepo na mtoto mgongoni; anaishi na fundi wa mawe ambaye hataki kusikia habari ya padri. Namalwa alikuwepo pia, ambaye wa kwake ana mke mwingine nyumbani, na hakuna harusi itakayomfikia leo wala kesho. Sijui aliwaambia nini. Niliona tu Mwongeli akitikisa kichwa kukataa, na Kaveke akimtwaa mtoto, akaanza kurudi naye mbele, hivyo mama hakuwa na la kufanya ila kufuata. Namalwa akafuata, mkoba kifuani, macho sakafuni. Walipita katikati ya kanisa zima.

Benchi la mbele lilikuwa limejaa sare. Nilikuwa nimekaa mwishoni, upande wa kulia, na nilishaanza kutafuta maneno ya mwenyekiti.

"Mama Ann," alisema Kaveke, na hakupunguza sauti. "Hawa hawajapewa cha kula. Angalau wakae mezani. Sogea."

Nikasogea.